Kuibadili Rubisko si Kazi ya Msimu Mmoja

Wanafunzi wetu hufundishwa kwamba mmea wa kijani hutumia nuru, maji na kabonidayoksaidi kutengeneza sukari. Mlinganyo huo ni sahihi, ila haumtaji mtendaji mkuu, yaani kimeng'enya kiitwacho rubisko, kilichomo ndani ya kloroplasti. Katika majani ya mimea mingi rubisko yaweza kufikia nusu ya protini zote ziyeyukazo. Mmea hulazimika kuirundika hivyo kwa sababu hufanya kazi polepole mno: kila kituo chake cha kazi hunasa molekuli tatu hivi za kabonidayoksaidi kwa sekunde. Tena hukosea, ikanasa oksijeni, na mmea ukapoteza sehemu ya kaboni uliyokwisha kuipata. Joto likizidi makosa nayo huzidi, jambo ambalo latuhusu sana sisi tulimao mpunga, maharage na mihogo karibu na ikweta.

Wako wasemao kwamba kimeng'enya hiki kikibadilishwa, mavuno yataongezeka mara moja. Sikubaliani na haraka hiyo. Rubisko ina sehemu kubwa nane na ndogo nane. Jeni ya sehemu kubwa imo katika kloroplasti. Jeni za sehemu ndogo zimo katika kiini cha seli. Fundi wake, basi, ana nyumba mbili za kutengeneza kwa wakati mmoja, na katika ile ya kloroplasti hukuta maelfu ya nakala za jeni ile ile, ambazo zote hazina budi kubadilishwa.

Ufundi wa kuingiza jeni katika kloroplasti za tumbaku ulifanikiwa mwaka 1990. Mwaka 2014 watafiti wa Cornell, Marekani, na Rothamsted, Uingereza, waliipa tumbaku rubisko ya sianobakteria, iliyo na kasi zaidi. Mimea ilikua, lakini katika hewa iliyoongezwa kabonidayoksaidi tu. Rubisko ile ni hodari wa mbio na dhaifu wa kubagua; sianobakteria huifungia katika vifuko vya protini vyenye kabonidayoksaidi tele, na vifuko hivyo tumbaku haikuwa navyo. Kwa maoni yangu, hatua kubwa zaidi ni ya mwaka 2017, wataalamu wa Max Planck, Ujerumani, walipoweza kuiunda rubisko ya mmea ndani ya bakteria kwa msaada wa protini saidizi. Sasa mabadiliko yaweza kujaribiwa kwanza katika bakteria, bila kusubiri mmea mzima ukue.

Kazi nyingi hufanywa kwa tumbaku kwa kuwa hukubali ufundi huu kwa urahisi. Lakini tumbaku hailiwi, na nafaka zimekuwa ngumu kuliko hiyo. Vyuo vikuu vyetu visingoje mbegu za kununua. Vifundishe sasa ukuzaji wa tishu za muhogo na maharage, hata kama matunda yake yatavunwa na kizazi kijacho.

Walimu nao wanaweza kuanza bila maabara kubwa. Panda mche wa mharage na wa mhindi katika mchanga uliooshwa, uifungie pamoja ndani ya chombo cha kioo kisichopitisha hewa, chini ya taa isiyozimwa. Mhindi hukusanya kabonidayoksaidi kuizunguka rubisko yake, kwa hiyo huendelea kuinasa hata ikiwa imebaki kidogo mno. Mharage ndio utakaodhoofika kwanza.