Likasi: sukari ya damu na madhara yanayobaki

Katika mitaa ya Likasi ugonjwa wa sukari huhesabiwa kwa siku: jana mgonjwa alizidiwa, leo ana nafuu, basi vidonge vinawekwa kando. Mwili una hesabu yake. Sukari ikikaa juu miaka mingi huharibu mishipa midogo ya damu polepole, bila maumivu: ndani ya jicho, kwenye figo, na ile inayolisha mishipa ya fahamu ya miguu. Ndiyo maana mama anaweza kuunguzwa mguu na kaa la mbabula asisikie kitu, kidonda akakiona siku ya tatu.

Mwaka 1993 watafiti wa Marekani na Kanada walitoa matokeo ya wagonjwa 1,441 wanaotegemea insulini. Kundi lililodhibiti sukari kwa makini lilipunguza hatari ya kuharibika macho kwa asilimia 76. La kutafakari zaidi lilionekana baadaye. Kundi la pili nalo lilifundishwa kudhibiti, sukari za wote zikakaribiana, lakini waliochelewa waliendelea kuumia zaidi kwa miaka mingi.

Kwa Likasi hili ni zito. Zamani mfanyakazi wa Gécamines na familia yake walitibiwa katika hospitali za kampuni. Kuanzia 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa kampuni hiyo waliondoka katika mpango uliogharamiwa na Benki ya Dunia. Wengi walikuwa wamezeekea kazini. Leo mzee kama huyo hulipia kipimo kwa pesa ileile ya unga wa bukari, na akiacha kupima hatumlaumu.

Linalotusikitisha ni neno linalosikika mara nyingine mimbarini: umeombewa, acha dawa. Tunaamini Mungu anaponya, na aliyeponywa hana sababu ya kuogopa kipimo. Anayetegemea insulini akiiacha anaweza kufa ndani ya siku chache. Anayetumia vidonge huenda akajisikia vizuri kabisa, na hapo ndipo hatari ilipo, maana figo hazilalamiki mpaka zimekaribia kushindwa.

Wamama wanaotembelea wagonjwa wanaweza kuongeza ombi moja baada ya sala: tuonyeshe nyayo zako. Kidonda kisichouma kipelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo. Na mchungaji anayetangaza mfungo wa siku tatu awaambie wenye sukari wamwone daktari kwanza.