Ukiona 404, Ujue Umefika

UPEPO WA ZIWA
Safu ya kila wiki ya Mzee wa Makongoro

Mwenye nyumba ya wageni kule Nyegezi amelipia tovuti. Jioni fundi wake, kijana aliyemaliza chuo juzijuzi, anamtumia kiungo kwa WhatsApp: "Shikamoo mzee. Kazi imekamilika, fungua uone." Mzee anafungua, haoni kitu. Kijana anaapa kwamba kwake inafunguka vizuri na picha zote zipo, hadi ile ya ziwa. Wanavutana mpaka usiku. Kumbe kiungo chenyewe kinaanza na localhost, yaani "mashine hii hii". Kwa kijana, mashine hiyo ni kompyuta iliyo mezani kwake. Kwa mzee ni simu aliyoishika, ambayo haijawahi kutunza tovuti ya mtu yeyote.

Hapo hakuna mwongo, wala mtandao haukukatika. Kilichokosekana ni msamiati, na kila fundi wa tovuti jijini Mwanza anakijua kisa cha namna hii, yeye mwenyewe akiwa ndani yake au jirani yake.

Seva ni kompyuta isiyozimwa, yenye programu inayokaa ikisubiri kuulizwa. Programu hiyo inaweza kuwa Apache, iliyoanza mwaka 1995, au nginx ya Mrusi Igor Sysoev, iliyotoka mwaka 2004. Simu inaomba ukurasa, seva inajibu, na juu ya jibu inabandika namba ya tarakimu tatu. Mambo yakienda sawa namba ni 200, na hakuna anayeiona. Mpishi naye hatajwi chakula kikiwa kitamu. Yakiharibika ndipo namba inapojitokeza kwenye kioo, na wenye tovuti wengi huisoma kama hirizi waliyotegewa na mshindani.

Anayelijua soko la Mwaloni, pale Kirumba, atazielewa namba hizi kabla chai haijapoa. Mchuuzi anafika alfajiri kutafuta dagaa wa jumla. Anaelekezwa stoo fulani, anaikuta wazi, mwenyewe yupo, ila dagaa anaowataka hawapo. Hiyo ni 404. Akikuta dagaa wapo lakini mlinzi anamzuia mlangoni, hiyo ni 403. Akiambiwa stoo imefurika watu, arudi baadaye, ni 503. Na akimkuta mwenye stoo ameanguka chini, hawezi hata kueleza kilichomsibu, hiyo ni 500.

Kisha kuna dalali. Katika tovuti nyingi mgeni hakutani moja kwa moja na programu inayotengeneza ukurasa. Anapokewa na seva ya mbele, ambayo hulipeleka ombi ndani na kurudi na majibu. Dalali akirudi na maneno yasiyoeleweka, mgeni anaona 502. Akisubiri ndani mpaka muda wake ukaisha bila kujibiwa, mgeni anaona 504. Kumfokea dalali hakusaidii, mwenye mzigo yuko nyuma.

Ya kutazamwa kwanza ni tarakimu ya mwanzo. Ikiwa 4, seva inadai tatizo liko kwenye ombi: anwani imekosewa, faili halipo, ruhusa hakuna. Ikiwa 5, seva inakiri kwamba mambo yameharibika upande wake. Mwenye tovuti anayejua hilo tu hadanganyiki kirahisi. Fundi anayeoneshwa 500 akajibu "ni mtandao tu, mzee" anajificha, kwa sababu seva huandika kilichotokea kwenye daftari lake la kumbukumbu, na daftari hilo yeye anaweza kulifungua. Fundi wa injini ya boti hawezi kulaumu mawimbi kabla hajafungua mfuniko.

Jambo ambalo wengi hawalitarajii ni kwamba 404 ina habari njema ndani yake. Namba hiyo ikionekana, maana yake jina la tovuti limetambuliwa, njia ni nzima, seva iko macho na imejibu. Mgeni amefika, amekosea chumba tu. Tatizo zito zaidi ni kioo kisichotoa namba yoyote, ambapo kivinjari kinasema hakikuweza kuifikia tovuti.

Watanzania walilionja hilo Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, mikongo miwili ya baharini, EASSy na SEACOM, ilipokatika karibu na pwani ya Afrika Kusini. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoathirika sana. Mwanza haina bahari, lakini tovuti ya hoteli ya Capri Point inaweza kuwa imelala kwenye seva ya Ujerumani, na mgeni aliye hatua 200 kutoka mlango wa hoteli akalazimika kupita Bahari ya Hindi ili aone bei ya chumba. Siku ile seva nyingi zilikuwa nzima kabisa. Kilichokatika ni njia, na fundi aliyekesha akifuta mafaili yake na kuyapandisha upya alijitesa bure.

Namba zinazoanza na 3 zinapuuzwa, na safu hii inaona hazitendewi haki. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe tarehe 19 Juni 2025, msafiri wa Sengerema anapita juu ya kilomita 3 za zege badala ya kupanga foleni ya kivuko. Njia imehama moja kwa moja, na kwa lugha ya seva hiyo ni 301. Mchepuko wa wiki moja ungekuwa 302. Shule au kampuni ikibadilisha anwani za kurasa zake bila kuweka 301, viungo vyote vilivyotumwa miaka ya nyuma vinaishia kwenye 404. Ni sawa na kumwacha msafiri kwenye gati bila kibao cha kumwelekeza darajani.

Linalokera zaidi ni lugha ya kurasa za makosa. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishirikiana na wadau wake kutoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, tangu mwaka 2004. Zaidi ya miaka 20 baadaye, duka la nyavu la Mwanza, lenye wateja wa Ukerewe na Musoma, bado linamkaribisha mteja aliyepotea kwa Kiingereza cha kiwandani. Katika Apache mstari mmoja wa maelekezo unatosha kuweka ukurasa wa mwenye duka badala ya ule wa kiwandani, usemao: "Ukurasa huu haupo. Bei za nyavu ziko hapa, au tupigie simu." Mwenye tovuti asimalizie malipo kabla mstari huo haujawekwa. Na asimalizie kabla hajahakikisha kwamba jina la tovuti limesajiliwa kwake, si kwa fundi, na nywila ya seva anayo mkononi.

Turudi Nyegezi. Kijana alikubali yaishe, akayapandisha mafaili kwenye seva halisi, ndani ya folda ya public_html. Tovuti ikafunguka kwenye simu ya mzee, isipokuwa picha ya ziwa. Kwenye kompyuta ya kijana, yenye Windows, Ziwa.JPG na ziwa.jpg ni kitu kimoja. Kwenye seva ya Linux ni mafaili mawili tofauti, na moja halipo. Akabadilisha herufi nne, picha ikatokea. Mzee akaisogeza karibu na macho, akaitazama kwa muda, akasema hapo si Nyegezi, hapo ni Kamanga.