Pine pana kwa janti nyembamba: tusinunue kwa macho



Mimi niko agronomu, si mekanisie. Mumezoea niwaongeleshe juu ya mbolea na kukatia kahawa. Mara hii naongea mapine, juu kahawa nyekundu isiyofika kwenye stesheni ya kuosha siku ile ile ya kuchumwa inaanza kuchacha, hata kama mwenye shamba alifanya kazi yake yote vizuri. Na kwenye vilima vya Kalehe, kufika ao kutofika mara nyingi ni mambo ya pine.

Msimu uliopita, koperative moja ninayoisaidia ilinunua mapine manne mapya ya Land Cruiser yake. Yaliyotoka yalikuwa 7.50R16, yaliyoingia yalikuwa 265/75R16. Kila mtu alifurahi: mapine mapana, meno makubwa, gari inaonekana na nguvu. Na mimi nilifurahi, sitadanganya. Yote ni namba 16, na kimo chake ni karibu sawa: ya zamani kama sentimita 81, mpya kama 80. Pine ikaingia, ikajaa upepo, gari ikatembea. Upana wa janti hakuna mtu aliyeuuliza, hata mwenye kuuza.

Hapo njo kosa lilikuwa. Ile 16 inaonyesha tu kimo cha janti. Janti iko pia na upana wake, na kila saizi ya pine iko na upana wa janti inaoukubali. Land Cruiser nyingi za serie 70 zinazokuja na 7.50R16 ziko na janti ya inchi 5.5. Pine ya 265/75R16 inataka janti ya inchi 7 mpaka 8. Hata 235/85R16, ambayo watu wengi wanaiweka pahali pa 7.50, inaanzia inchi 6.

Ukibana pine pana ndani ya janti nyembamba, kingo zake mbili zinakaribiana kupita kiasi, mbavu zinavimba nje, na uso wake unakuwa na kitumbo. Barabara inagusa katikati tu. Tena, kila nusu inchi unayopunguza kwa janti, pine inapoteza karibu milimita 5 za upana. Ile 265 inapimwa kwa janti ya 7.5. Kwa janti ya 5.5 inabaki kama 245. Koperative ililipa upana ambao haikuupata.

Shofere aliona katikati inaisha mbio. Akafanya kile shofere yeyote angefanya: akapunguza upepo ili pine ikae sawa. Kwa gari tupu labda inasaidia kidogo. Kwa gari iliyobeba mifuko ya kahawa, ubavu ambao tayari umejikunja vibaya unajikunja zaidi kila mzunguko, unapata joto, na nyuzi za ndani zinachoka. Gari pia ilianza kuyumba kwenye kona, kama mtu aliyevaa kiatu kisicho chake. Siku moja jioni ubavu ukapasuka kwenye mteremko. Asante Mungu, gari iliegemea ukuta wa udongo, si upande wa bonde. Kahawa ilifika kesho yake, ikauzwa bei ya chini, na waliokula hasara ni akina mama walioamka alfajiri kuichuma.

Wengine wataniambia pine pana inaelea juu ya matope. Kwenye mchanga, nakubali. Kwenye udongo wetu mwekundu wakati wa mvua, mimi napenda pine nyembamba inayokata utelezi na kutafuta ardhi ngumu chini. Hayo tunaweza kubishana. Janti, hapana, hakuna ubishi: ukitaka 265, nunua na janti za inchi 7 ao zaidi, na uhakikishe pine haitasugua gari wakati wa kukata kona. Kama hamna pesa ya janti, rudini kwa 7.50R16 na mumalize.

Kinyume chake pia ni kibaya. Pine nyembamba juu ya janti pana inavutwa, janti inabaki wazi kwa mawe, na ukipunguza upepo kwenye matope pine inatoka kirahisi.

Namba ya janti imechongwa kwenye chuma chenyewe, kitu kama 16x5.50F. Iko chini ya matope, musugue na burashi. Iandikwe kwenye karatasi ya komande pamoja na saizi ya pine, na ile namba ya uzito ambayo pine inaweza kubeba isiwe chini kuliko ya zamani. Mutu wa komite ya kontrole aende pamoja na jera kununua. Shambreri ya ndani nayo iwe ya saizi ya pine. Kwado atawaambia "inaingia tu", na ni kweli, itaingia, inavutika mpaka inakuwa nyembamba sana.

Mapine matatu yaliyobaki yamelala kwenye depo. Janti za inchi 7 hazijapatikana bado, na siku ya kupima kahawa watu wanayakalia.