Baraza Dogo la Mtandaoni

Elon Musk alipoinunua Twitter kwa dola bilioni 44 mwezi Oktoba 2022, watu wengi walikimbilia Mastodon, mtandao ulioasisiwa na Eugen Rochko nchini Ujerumani mwaka 2016. Huko hakuna mmiliki mmoja: kila jamii huendesha seva yake kwa kanuni zake, na bado huwasiliana na nyinginezo, mithili ya barua pepe. Sisi wazazi twavutiwa na udogo huo, kwani mwenye kutukana huonywa na msimamizi anayejulikana. Lakini seva hugharimiwa, jambo tulisahaulo upesi. Msimamizi akichoka akaifunga, mwanachama aliyearifiwa mapema huweza kuhama na wafuasi wake. Maandishi yake hayahami naye.