Usiniulize Ribridha Gani, Niulize Ikifeli Utapumua Nini

Wasee, leo naingia moja kwa moja. Tangu nianze kuposti video za chini ya maji, swali linalojaa kwenye inboksi yangu ni moja: "Bro, ribridha gani ndio kali?" Nimekuwa nikijibu mmoja mmoja. Sasa najibu wote pamoja, kwa sababu swali hilo limeingia hadi kwenye chama chetu.

Chama chetu tuko saba, vijana wa Pwani, wote tunaishi kwa kazi ya bahari. Kuna anayejaza mitungi, kuna anayeongoza wageni, mimi napiga video. Tumechanga pole pole hadi tukafika laki tatu na nusu. Sasa kuna mzungu anarudi kwao, na anauza ribridha yake kwa bei hiyo hiyo. Mpya, ukiweka kila kitu kinachohitajika, inapita milioni moja. Mwenyekiti anasema hii ni bahati ya mtende. Mimi nasema tusinunue. Kura ni Jumapili ijayo, na sababu zangu naziweka hapa wazi, maana najua kuna vikundi vingine huko nje vimekaa na mashine kama hiyo mbele ya macho.

Najua tayari kuna mtu anaandika komenti: "Wewe si uliacha chuo? Unatufunza fizikia gani?" Ni kweli niliacha. Lakini hesabu hii ni kuzidisha na kugawanya tu, hebu tuifanye pamoja.

Ukiwa umetulia juu ya maji, chukua kwamba unapumua lita 20 kwa dakika. Ukishuka mita 58, shinikizo ni karibu mara 6.8 ya lile la juu. Kwa hivyo unatumia lita 136 kila dakika. Mtungi wa lita 12 uliojazwa hadi ba 200 una lita 2,400. Gawanya: dakika 17 na kitu, halafu mtungi mtupu. Na hapo hujahesabu safari ya kupanda pole pole na kusimama njiani ili nitrojeni itoke mwilini. Cha kuuma zaidi ni kwamba karibu hewa yote hiyo unaitupa. Hewa ina oksijeni asilimia 21, na ile unayotoa puani bado ina kama 16 au 17. Mapovu yote yale yanayopanda juu ni oksijeni uliyoilipia.

Ribridha inakataa huo uharibifu. Pumzi unayotoa haiendi majini. Inapita kwenye kopo lenye chembe za chokaa soda, chokaa inakamata kaboni dayoksaidi, kisha mashine inaongeza oksijeni kidogo ile mwili umetumia, na unaivuta tena. Mwili hautumii oksijeni zaidi kwa sababu umeshuka chini. Ni kama lita moja kwa dakika ukifanya kazi ya wastani, uwe mita 10 au mita 60. Kwa hivyo kamtungi ka lita 3 ka oksijeni kanaweza kukubeba kwa masaa. Na hakuna mapovu, hakuna kelele. Samaki wanakusogelea kama wewe ni jiwe tu. Mtu wa video kama mimi, mnadhani siitamani? Naitamani sana.

Lakini sikizeni. Ukitumia mtungi wa kawaida, shida inakuja na kelele. Hewa ikiisha unahisi, regyuleta ikiharibika inamwaga mapovu kama chungu kinachochemka. Ribridha inaweza kukuua kimya kimya, na kwa njia tatu. Oksijeni ikipungua sana, yaani shinikizo lake likishuka chini ya 0.16 hivi, unazimika kama taa bila kuhisi chochote kabla. Ikizidi, hasa ukipita 1.6, unaweza kupata kifafa ukiwa chini, mdomo unaachia, unazama. Na chokaa ikichoka au ikipakiwa vibaya, kaboni dayoksaidi inarudi kwako. Hiyo inakuja na kichwa kuuma, pumzi kwenda mbio, na hofu isiyo na maana. Mtu akifika hapo, hata kutoa mdomo ili abadilishe aende kwa mtungi wa dharura kunamshinda, kwa sababu hawezi kuzuia pumzi hata sekunde mbili.

Sasa turudi kwa lile swali la ribridha kali. Mwaka 2013 daktari wa Australia anayeitwa Andrew Fock alichapisha uchambuzi wa vifo 181 vya wapiga mbizi wa starehe waliokuwa na ribridha, kuanzia 1998 hadi 2010. Alikadiria hatari ya kufa ni kama mara 10 ya ile ya mitungi ya kawaida. Lakini kitu kilichonishika ni kingine. Hakuna chapa wala aina ya mashine iliyojitokeza kuua kuliko nyingine. Na theluthi mbili ya vifo vilihusiana na mbizi za hatari kubwa au tabia za hatari. Mnaona? Watu wanabishana usiku kucha kuhusu Inspiration ya Waingereza, JJ ya Wadenmark, rEvo ya Wabelgiji na KISS iliyoanzia Kanada, kama vile ni Gor na AFC. Na takwimu zinasema tatizo kubwa liko kwa mtu aliyevaa mashine.

Si kwamba mashine zote ni sawa. Zinatofautiana, na inafaa ujue zinatofautiana wapi. Kuna zinazopima na kuongeza oksijeni zenyewe kwa umeme, na kuna ambazo wewe ndiye unabonyeza huku kiasi kidogo kikiingia muda wote. Ya umeme inakupunguzia kazi ila inaweza kukuzoesha kusahau kutazama. Ya kubonyeza inakulazimisha kutazama, ila siku ukichanganyikiwa hakuna wa kukusaidia. Kuna zenye mifuko ya pumzi kifuani au mabegani, na zenye mifuko mgongoni. Hiyo inabadilisha nguvu unayotumia kuvuta pumzi kulingana na vile umelala majini. Kuna zenye mdomo wenye vali ya kugeuza, ukizungusha tu unapumua mtungi wa dharura bila kutoa chochote kinywani. Mimi nikinunua yangu, hiyo vali siachi. Na kamba ya kushikilia mdomo usianguke ukizimika, hata kama inakufanya uonekane punda kwenye picha, pia siachi.

Lakini hata mashine nzuri ina mpaka. Mwaka 2005 David Shaw, rubani wa Australia na mpiga mbizi wa hali ya juu, alishuka shimo la Boesmansgat huko Afrika Kusini, kama mita 270, kwenda kuutoa mwili wa kijana Deon Dreyer aliyekufia humo mwaka 1994. Shaw hakurudi hai. Kamera aliyovaa ilirekodi kila kitu. Kule chini gesi ni nzito, kuivuta tu ni kazi. Alipoanza kuhangaika na mwili na kamba, kaboni dayoksaidi ikapanda kuliko mwili wake ulivyoweza kuitoa. Huyo alikuwa mtaalamu, na mashine yake haikuvunjika. Ndio maana siku hizi wataalamu wanasema ukipiga hesabu ya uzito wa gesi unayopumua, jaribu kubaki kwenye gramu 5.2 kwa lita, na usipite 6.2. Hewa ya kawaida inafika 5.2 ukiwa mita 30 tu. Ukitaka kina zaidi unahitaji heliamu, na heliamu ni bei.

Sasa hiyo mashine ya mzungu. Nimeuliza maswali na sijapata majibu. Sensa za oksijeni zilitengenezwa lini? Mashine nyingi huwa na tatu, zinazeeka hata zikikaa kabatini, na kwa kawaida hubadilishwa baada ya kama mwaka mmoja. Na zikiwa za umri mmoja zinaweza kudanganya pamoja, mbili zikaishinda kwa kura ile moja inayosema ukweli. Iliwahi kufanyiwa sevisi lini, na karatasi iko wapi? Ina alama ya kiwango cha Ulaya, EN 14143? Kiwanda bado kinatengeneza spea za modeli hiyo? Chokaa tutaitoa wapi, na sensa mpya zitakaa siku ngapi forodhani? Oringi moja ndogo ikikatika, nani hapa Kenya atatufungulia hiyo mashine? Jibu tulilopata kwa yote ni: "Haijawahi kunisumbua." Pole, lakini hilo ni jibu la mtu anayeuza.

Na tuko saba, mashine ni moja. Hapo ndipo napata baridi. Ribridha haiazimwi kama baiskeli. Mafunzo yake ni ya modeli moja moja, na ngazi ya kwanza kwa kawaida inaishia mita 30 au 40. Watu saba ni kozi saba. Tukisema mmoja asome awafundishe wengine, huyo si mwalimu, ni mwanafunzi mwenye haraka. Tukisema mmoja awe anapakia chokaa na mwingine anashuka, basi anayeshuka anaweka maisha yake kwa mikono ya mtu aliyekuwa na simu sikioni wakati wa kupakia. Kwenye kongamano kubwa la ribridha la mwaka 2012 kule Orlando wataalamu walikubaliana kwamba orodha ya ukaguzi iliyoandikwa itumike kila mbizi, bila kutegemea kichwa. Anayevaa ndiye anayetiki mwenyewe.

Mwenyekiti wangu ana hoja, na si ya kijinga. Anasema kazi za maana za baharini, za utafiti na za filamu, zinaenda kwa wageni kwa sababu sisi hatuna ujuzi wa kina kirefu. Anataja pia Likoni, Septemba 2019, gari lilipoteleza kutoka kwenye feri ya MV Harambee na mama na mtoto wake wakazama nalo. Ilichukua siku 13 kulitoa, lilipatikana kama mita 58 chini, na wapiga mbizi wa Afrika Kusini waliletwa kusaidia. Kila mtu wa Pwani anakumbuka zile siku. Anauliza, vijana wetu watabaki kusimama ufuoni wakitazama mpaka lini?

Swali lake nalikubali lote. Jibu lake ndilo silikubali. Pale Likoni kulikuwa na giza, mkondo mkali na meli zinazopita. Mashine ya mitumba haiondoi hata kimoja. Kinachohitajika mahali kama pale ni watu waliosoma, waliozoeana, wenye mtungi wa dharura wa kutosha kumtoa mtu kutoka sehemu mbaya kabisa ya mbizi hadi juu, na timu ya juu yenye mpango. Tukishuka na mashine tusiyoijua, tutakuwa miili mingine ya kutafutwa.

Na ukweli ni kwamba kazi nyingi tunayofanya haihitaji ribridha kabisa. Meli ya MV Dania iliyozamishwa karibu na Bamburi mwaka 2002 iko kama mita 30. Mtungi wa kawaida unatosha, na ukitumia nitroksi unakaa zaidi bila deni kubwa la nitrojeni.

Pendekezo langu basi. Pesa ibaki ya ujuzi kwanza. Tuwapeleke wawili wetu, kwa kura si kwa undugu, wakasome mbizi za kiufundi za mitungi miwili, wajifunze kupanga gesi na kupanda kwa hatua. Tununue kifaa cha oksijeni cha huduma ya kwanza kikae kwenye mashua, kwa sababu saa hii hatuna, na hilo peke yake lingetosha kutuaibisha. Tuandike namba ya chemba ya shinikizo iliyo karibu na tujue ni nani anayeiendesha usiku. Kitakachobaki kiwe mbegu. Hao wawili wakishapiga mbizi za kutosha, wachague mwalimu kwanza, halafu mashine ambayo mwalimu huyo anaifundisha na ambayo spea zake zinapatikana. Kwa mpangilio huo, jina la chapa linakuja mwisho kabisa.

Najua nitaambiwa naogopa. Sawa, naogopa. Nataka Jumapili nipige kura tukiwa saba, na nataka mwakani pia tuwe saba. Wewe unayesoma ukiwa na hela mkononi na muuzaji anakuharakisha, muulize yale maswali ya sensa, karatasi, spea na mwalimu. Akikasirika, umeshapata jibu lako.