Kuruka Ni Elimu

Wako wasemao, na miongoni mwao wamo walimu wa miaka mingi, ya kwamba mtoto hana haja ya kufundishwa kuruka, na ushahidi wao ni wale watoto wa kike warukao kamba uani tangu alasiri hata magharibi bila ya mwalimu wala filimbi. Hoja hii ina sehemu ya kweli, walakini haitoshi.

Kuruka kuna namna nyingi, na kila namna ina kanuni yake. Mwenye kuchupa huondoka kwa mguu mmoja akatua kwa wa pili, kama avukaye mfereji. Na mwenye kurukaruka huku akienda hupiga hatua, akaruka kwa mguu uo huo, kisha akabadili, mwendo ambao aghalabu haumkai mtoto sawasawa ila afikapo miaka sita au saba, yaani umri ule ule wa kuanza shule. Hapo ndipo mwalimu ahitajiwapo, amwonyeshe kukunja magoti atuapo, kupishanisha mikono na miguu, na kutazama mbele. Asiyeonyeshwa hutua kwa miguu mikavu, akaumia, akaona haya mbele ya wenziwe, na mwisho akajitenga na mchezo.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, limenasihi kwamba watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate kwa wastani dakika 60 za mazoezi kila siku, na kwamba yale ya kutia mifupa nguvu, ambayo kuruka ni mojawapo, yafanywe siku zisizopungua 3 kwa juma. Hapa Tanzania tunayo mashindano ya shule za msingi yaitwayo UMITASHUMTA, nayo yana heshima yake. Lakini huwachukua waliokwisha kuwa hodari, ilhali walio wengi hubaki watazamaji.

Lililo baya zaidi, wala siwezi kulinyamazia, ni ile ada ya kumwamrisha mtoto aliyechelewa aruke kichura mbele ya shule nzima. Madhali mtoto amekwisha kujua kuruka kuwa ni izara na maumivu, kipindi cha michezo kitamrudishiaje hamu?

Udhuru wa vifaa hauna nguvu, kwani kamba ya katani na mistari michangani yatosha. Udhuru wa darasa lenye watoto mia ni mzito, nami siudharau. Hata hivyo nusu yao waweza kuruka huku nusu wakipiga makofi ya mwendo, kisha wakapokezana. Sketi ya kubana nayo huwazuia watoto wa kike, na dawa yake ni ruhusa ya kuvaa suruali za michezo.

Basi nawasihi walimu wakuu mambo mawili: kipindi cha michezo kisinyang'anywe na hesabu kila mtihani ukaribiapo, na kichura kifutwe leo katika orodha ya adhabu.