Mtafiti, Kizuri Hakijiuzi kwa Afisa wa Uhamiaji

Wahenga walinena kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mpenzi msomaji, ikiwa wewe au mwanao ni mtafiti katika chuo kikuu cha Marekani, na nia ni kuomba ukaazi wa kudumu kupitia kazi, methali hiyo iweke kando kwanza. Katika ombi hili, kizuri kisicho na karatasi hakinunuliwi.

Afisa atakayefungua faili yako hakujui, na huenda hajui lolote kuhusu magonjwa ya mahindi au vimelea vya malaria unavyovitafiti. Hakuoni ukikesha maabarani. Atasoma kilichomo kwenye bahasha, kisha aamue.

Tuanze na milango yenyewe. Madaraja yanayotumika yalitokana na sheria ya uhamiaji ya mwaka wa 1990, na watafiti aghalabu hupitia matatu. La kwanza ni la watu wenye kipawa kisicho cha kawaida. Asiye na tuzo kuu inayotambulika kimataifa hutakiwa kutimiza angalau vigezo 3 kati ya 10. La pili ni la maprofesa na watafiti mashuhuri: vigezo 2 kati ya 6, tajriba ya miaka 3, na mwajiri ndiye awasilishaye ombi. La tatu ni la wenye shahada za juu wanaoomba kusamehewa sharti la mwajiri kwa maslahi ya taifa hilo. Hapa kipimo ni uamuzi wa mwaka wa 2016 uitwao Dhanasar: je, kazi yako ina thamani na umuhimu wa kitaifa? Je, una uwezo wa kuiendeleza? Je, Marekani itafaidika ikikusamehe sharti hilo? Madaraja yote hutumia Fomu I-140, na katika la kwanza na la tatu waweza kujiombea mwenyewe.

Sasa ushahidi. Wengi huhesabu makala waliyochapisha wakadhani yametosha. La hasha! Onyesha ni nani aliyeyanukuu na aliyatumia kwa jambo gani. Ikiwa maabara nyingine imefuata mbinu yako, tafuta ukurasa unaosema hivyo, utie alama, uuhifadhi.

Je, umewahi kuhakiki makala ya wenzako kabla hayajachapishwa? Barua ya kukualika haitoshi. Weka ile ya mhariri inayothibitisha kwamba kazi uliifanya. Ukipata tuzo, cheti kiandamane na maelezo ya wanaoishindania na jinsi mshindi anavyoteuliwa.

Kuhusu barua za mapendekezo, usikusanye sifa tupu. Msimamizi wako atakusifu, hilo linatarajiwa. Barua ya mtaalamu ambaye hamjawahi kufanya kazi pamoja, lakini anaeleza bayana jinsi utafiti wako ulivyobadilisha kazi yake, huwa na uzito zaidi.

Nanyi wazazi mliobaki nyumbani mna sehemu yenu. Ikiwa gazeti liliandika habari za mwanenu, msilifungie maandazi. Likateni vizuri, pamoja na tarehe na jina la gazeti. Habari ikiwa kwa Kiswahili, itahitaji tafsiri kamili ya Kiingereza, na mfasiri athibitishe kwa maandishi kwamba anazimudu lugha hizo na kwamba tafsiri ni sahihi.

Jihadharini pia na njia za mkato. Kuna majarida yanayochapisha chochote mradi umelipa, na kuna watu wanaouza barua zilizokwisha andikwa. Udanganyifu ukigunduliwa, hasara si ombi hilo moja tu. Mlango wa Marekani waweza kufungwa maisha.

Lipo jambo jingine ambalo familia nyingi hazilijui. Viza ya mwanafunzi hutolewa kwa anayetarajiwa kurudi kwao, ilhali ombi la ukaazi husema anataka kubaki. Kijana akishawasilisha ombi, kisha aje Nairobi kwa harusi au mazishi na kuhitaji viza mpya ya masomo, huenda akanyimwa, masomo yakakatikia hapo. Basi kabla hamjamwita nyumbani, na aulize wakili wa uhamiaji kwanza. Kadhalika, baadhi ya waliokwenda kwa viza ya J-1 hutakiwa kukaa kwao miaka 2 au kupata msamaha wa sharti hilo kabla ya kupewa ukaazi. Kukubaliwa kwa I-140 hakulifuti, wala I-140 si kadi ya kijani yenyewe. Ni hatua tu.

Alhasili, ushahidi haukusanywi wiki moja kabla ya viza kwisha. Anza mwaka wa kwanza wa masomo. Fungua jalada moja, na kila mwisho wa mwezi tia humo kila barua, cheti na mwaliko wa kongamano. Ukiishia kurudi Kenya kufundisha, jalada hilo hilo litakufaa siku ya kuomba kazi au kupandishwa cheo. Akiba haiozi.

Tukutane Jumapili ijayo, majaliwa.